Mama, Mavyaa na Binti: Wanawake wa Nyumba ya Komnenos

Msomaji mpenzi, ukisoma historia ya Dola ya Bizanti, utakutana na orodha ndefu ya wafalme waliotawala kutoka Konstantinopoli. Usiishie hapo. Uliza pia mama wa mfalme ni nani, na mkewe ametoka ukoo gani.

Mtazame Anna Dalassene. Mwaka 1059 mumewe, John Komnenos, alikataa kumrithi nduguye, mfalme Isaac I, na kiti kikaenda kwa ukoo wa Doukas. Anna hakulisahau jambo hilo. Alipofiwa na mumewe aliwalea wanawe, hata mmoja wao, Alexios, akakitwaa kiti mwaka 1081. Mwaka uo huo Alexios alitoa waraka wenye muhuri wa dhahabu, akimkabidhi mama yake uendeshaji wa serikali wakati yeye yuko vitani.

Hata hivyo, Alexios aliupata ushindi kwa msaada wa akina Doukas, jamaa za mkewe Irene. Basi mke na mavyaa wake walitoka katika koo mbili zenye uhasama. Alexios alitawazwa peke yake; Irene alivikwa taji siku saba baadaye, baada ya jamaa zake na Patriaki Kosmas kushikilia haki yake.

Binti yao mkubwa, Anna Komnene, alizaliwa mwaka 1083. Akiwa angali mchanga aliposwa na Constantine Doukas, mwana wa Maria wa Alania. Posa hiyo ilikuwa mkataba wa koo mbili, nayo ilimpa mtoto tumaini la kuwa malkia. Mwaka 1087 alizaliwa kaka wa kurithi, John, na tumaini likafifia. Constantine alifariki, na Anna akaolewa na Nikephoros Bryennios, wa ukoo ambao Alexios aliwahi kupigana nao.

Alexios alipofariki mwaka 1118, John alitawala. Anna alihusishwa na njama ya kumpindua nduguye, ikashindwa. Alijitenga katika nyumba ya watawa iliyoanzishwa na mama yake, akaandika Alexiad, historia ya baba yake yenye vitabu 15.

Zingatia, mwanafunzi: mamlaka yanaporithiwa kwa damu, posa huwa sheria na kuzaliwa kwa mtoto huwa uchaguzi. Anna alinyimwa kiti, lakini kalamu ilibaki mkononi mwake, na hadi leo tunamjua baba yake kwa maneno ya binti huyo.