Kituo cha Kupima Maji ya Bahari, Lamu

Kituo cha Lamu ni mojawapo ya vituo viwili vya miaka mingi vya kupima kupanda na kushuka kwa bahari katika pwani ya Kenya. Cha pili kiko Mombasa. Vipimo vya Mombasa vinaanzia mwaka 1986, na vya Lamu katikati ya miaka ya 1990. Kituo kiko chini ya KMFRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa bahari na uvuvi, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Hawaii, ambacho hukagua na kuhifadhi data za vituo vya namna hii duniani kote. Kwa miaka yake ya mwanzo kilikuwa chombo cha kuweka kumbukumbu. Tangu tsunami ya 2004 kimehesabiwa miongoni mwa vituo ambavyo data zake hutakiwa kutiririka mfululizo, na mabadiliko hayo ndiyo yaliyokipa umuhimu wake mkubwa.

Mazingira

Katika visiwa vya Lamu, Manda, Pate, Ndau na Kiwayu, maji ndiyo yanayopanga safari. Mlango wa Mkanda, unaopita katikati ya mikoko kati ya Manda na bara, hupitika vizuri maji yakijaa. Mgeni anayetaka kuyafikia magofu ya Takwa kwa mashua hungoja maji yapande kwenye kijito, na anayetembea kwa miguu ufukoni kutoka mjini hadi Shela huangalia kwanza kama maji yamekupwa. Manahodha huzijua nyakati hizi kwa mwezi: bamvua hufuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji mafu hufuata mwezi nusu.

Mwezi, hata hivyo, hueleza maji yanayotarajiwa tu. Kipimo hueleza maji yaliyofika kweli. Mtaalamu akitoa hesabu ya kwanza katika ile ya pili, kinachobaki ni athari ya upepo wa kusi au kaskazi, mgandamizo wa hewa, kupanda kwa bahari mwaka hadi mwaka, na mara chache sana, wimbi lililotoka ng'ambo ya bahari.

Tsunami ya 26 Desemba 2004

Tetemeko la Sumatra lilitokea saa kumi kasoro dakika moja alfajiri, kwa saa za Afrika Mashariki. Wimbi lilichukua takriban saa nane kuvuka Bahari ya Hindi, likafika pwani ya Kenya karibu na adhuhuri ya Jumapili hiyo. Vipimo vya Lamu na Zanzibar vililiandika, pamoja na vile vya Salalah, Maldivi na Shelisheli, na rekodi hizo zikawa msingi wa tafiti za mwanzo kuhusu namna wimbi lilivyosafiri.

Kaskazini ya Lamu madhara yalikuwa makubwa: Somalia ilipoteza watu karibu 300, hasa upande wa Hafun. Kenya, ambako polisi waliwaondoa watu ufukoni baada ya habari za Asia kuenea, iliandikisha kifo kimoja, upande wa Malindi. Tofauti hiyo inastahili kuzingatiwa. Saa nane ni muda wa kutosha kabisa kumtoa kila mtu ufukoni kutoka Kismayu hadi Mtwara, lakini Bahari ya Hindi haikuwa na mfumo wa tahadhari. Vituo vingi vilikusanya vipimo vya dakika kadhaa kwa pamoja na kuvituma kila saa, na hakukuwa na ofisi yenye jukumu la kuvisoma kwa ajili ya watu wa bahari hii. Habari ilikuwepo, aliyekosekana ni wa kuipokea. Wavuvi wa Hafun walistahili zaidi ya hapo.

Maboresho baada ya 2004

Mwaka 2005 Tume ya Bahari ya UNESCO iliunda mfumo wa tahadhari ya tsunami wa Bahari ya Hindi. Kwa muda, tahadhari zilitolewa na vituo vya Hawaii na Japani. Tangu Oktoba 2011 kazi hiyo ni ya Australia, India na Indonesia, na nchini Kenya mpokeaji ni Idara ya Hali ya Hewa. Vituo vya kupimia vilitakiwa kupiga hesabu kila dakika moja na kutuma kila dakika 15. Mfumo ulijaribiwa na tetemeko la 11 Aprili 2012, la ukubwa wa 8.6, karibu na Sumatra: bahari nzima iliwekwa katika hadhari, vipimo vikaonyesha wimbi dogo, na hadhari ikaondolewa baada ya saa chache.

Njia ya data

Katika kituo cha aina hii, kihisio cha rada hufungwa juu ya maji na kupima umbali hadi usoni mwa bahari. Kifaa cha kurekodi, kinachotumia betri na sola, hupiga muhuri wa saa kwa GPS na kungoja zamu yake: kila kituo kimetengewa sekunde zake za kurusha kwenye setilaiti iliyo kilomita 36,000 juu, na kikikosa zamu, pakiti hungoja au hupotea. Katika Bahari ya Hindi huduma hii ilianza na Meteosat-5 mwaka 1998, ikafuata Meteosat-7, kisha Meteosat-8 mwaka 2017 na Meteosat-9 mwaka 2022. Kutoka Ulaya, zinakopokelewa data za setilaiti hizo, data huingia katika mtandao wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani na kuonekana katika tovuti ya Tume ya Bahari inayoendeshwa kutoka Ostend, Ubelgiji. Huduma hiyo ya Ostend ilizaliwa katika mradi wa data za bahari za Afrika, ODINAFRICA, ikakua hadi kuhudumia dunia nzima, sifa ambayo Afrika haijapewa vya kutosha.

Huduma za wingu

Mitambo ya kutiririsha data imebadilika haraka. Kafka, programu iliyotengenezwa na LinkedIn, ilitolewa bure kwa umma mwaka 2011. Amazon ilianza kukodisha huduma ya mtiririko, Kinesis, mwaka 2013, na baadaye ikakodisha Kafka yenyewe ikiwa imesimamiwa tayari, ili mteja asihangaike na seva. Mwaka 2020 kampuni hiyo ilifungua vituo vyake vya seva Cape Town. Shirika la Hali ya Hewa Duniani nalo limeanza, mwaka 2025, mfumo wake mpya, WIS 2.0, ambao ofisi ndogo ya nchi yoyote inaweza kuuendesha juu ya seva ya kukodi: anayehitaji data hujiandikisha, na taarifa ya kila kipimo kipya humfikia papo hapo.

Faida kwa nchi zenye bajeti ndogo ni ya kweli. Seva ikisimamiwa na mwingine, mafundi hubaki na kazi ambayo hakuna mkodishaji anayeifanya: kuangalia betri, kufuta chumvi kwenye paneli ya sola, kubandua chaza kwenye mabomba ya vipimo vya zamani na kulinganisha kipimo na alama iliyowekwa nchi kavu. Mapengo katika mfululizo wa data za Lamu hayawezi kuzibwa baadaye kwa programu yoyote.

Matumizi

Data za Lamu hutumika katika tafiti za kupanda kwa bahari katika Afrika Mashariki, ambako mifululizo mirefu ni michache. Mji wa kale, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, umejengwa usoni mwa maji. Bandari mpya ya Lamu, ambayo gati yake ya kwanza ilianza kazi Mei 2021, huhitaji majedwali ya maji kwa meli zake; majedwali hayo huchapishwa na Mamlaka ya Bandari ya Kenya.