Kabla Hujauza Mahindi Ununue DAC, Soma Hii

Kuna jamaa hapa Kasekese, jina kapuni, anataka kuuza magunia ya mahindi anunue DAC kali, kile kidude kinachogeuza namba za muziki wa mtandaoni kuwa umeme wa spika. Kaka, subiri kwanza.

Mbaraka Mwinshehe alifariki 1979. Enzi zake muziki ulikaa kwenye tepu na santuri, hakuna cha namba. Oktoba 1982 Sony wakaanza kuuza Japani mashine ya CD, CDP-101. Ndani DAC moja tu, sauti ya kushoto na ya kulia zinapokezana! Philips nao walikuwa na chipu ya biti 14 wakati CD ni biti 16, wakazipitisha namba kwa kasi mara 4 mpaka ikakubali. Wajanja wale.

2016 iPhone 7 ikaja bila tundu la earphone, DAC yake ikahamia ndani ya kile kiwaya kifupi cha kuunganishia. Ndo imekuwa ndogo hivyo.

Sasa jamaa anasikilizia sabufa kwa bluetooth. Bluetooth inabeba namba, na sabufa yenyewe ndo inazigeuza. Hiyo DAC ya mamilioni itakaa pembeni inashangaa tu. Nyuma ya sabufa kuna tundu la waya, aanzie hapo.