Tanzanite: sayari ya moto na sumaku isiyoonekana

Tanzanite ni sayari kubwa ya gesi, mbali sana inje ya mfumo wa jua letu. Wanasayansi wanaiita WASP-71b. Tanzania ndiyo iliipa jina hilo mwaka 2019, na nyota yake ikaitwa Mpingo. Inazunguka nyota hiyo kwa siku 3 hivi tu, sababu iko karibu nayo sana.

Joto lake linakadiriwa kupita digrii 1,700. Wakaaji wa Majengo wanakumbuka lava ya Nyiragongo iliyofika Buhene mwezi wa tano 2021: ile ilikuwa na digrii 1,000 hivi.

Kwa joto kama hilo, atomu za sodiamu na potasiamu zinapoteza elektroni, na hewa inaanza kupitisha umeme. Kama sayari iko na sumaku, sumaku hiyo inashika upepo kama breki, na mbio ya upepo inageuka joto. Huenda ndiyo sababu moja sayari za namna hii zinavimba, na Tanzanite pia imevimba.

Lakini sumaku yake bado haijapimwa. Kwa sayari za aina hii, watafiti wanaangalia upepo: ukisogeza sehemu ya moto zaidi kidogo tu, pengine breki iko.