Kipima gesi cha kiwandani: Jinsi ya kutumia skrini yake bila kudanganyika

Katika kiwanda cha saruji, moto wa tanuri hauangaliwi kwa macho peke yake. Kuna kabati la chuma lenye skrini ya kugusa, na ndani yake kuna kipima gesi. Mashine hii huvuta moshi kidogo kutoka kwenye tanuri, huuchuja na kuupoza, kisha huonyesha kiasi cha oksijeni na kaboni monoksaidi kilichomo.

Kaboni monoksaidi ni sumu, haina rangi wala harufu. Ikifika asilimia 12.5 ya hewa, inaweza kulipuka ikipata cheche. Viwanda vingi vya saruji hunasa vumbi kwa mtambo wa umeme wa nguvu kubwa, na mtambo huo hutoa cheche. Kipima gesi hutumika kuuzima mapema, gesi ikiwa bado chini sana ya kiwango hicho. Kwa hiyo anayeigusa skrini hiyo ameshika usalama wa wenzake.

Ukurasa wa kwanza unasema nini?

Ukurasa wa kwanza huonyesha jina la gesi, tarakimu na kizio. Soma kizio kwanza. Oksijeni huandikwa kwa asilimia, lakini kaboni monoksaidi mara nyingi huandikwa kwa sehemu kwa milioni, yaani ppm. Asilimia 1 ni sawa na ppm 10,000. Anayechanganya vizio hivi anaweza kuona hatari kubwa kuwa ni jambo dogo.

Tazama pia kiwango cha mtiririko wa moshi. Ukishuka, huenda kichujio kimeziba au pampu imechoka.

Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 20.9. Ikiwa tanuri linawaka na skrini inaonyesha tarakimu inayokaribia hiyo, shuku kwanza bomba la kuvutia moshi. Huenda limepasuka na mashine inapima hewa ya nje.

Kugusa kwa kidole au glavu?

Kuna skrini zinazoitikia mgandamizo. Hizo hufanya kazi hata ukivaa glavu. Nyingine, kama za simu nyingi za siku hizi, huhitaji kidole kitupu au glavu maalumu. Usitumie ncha ya bisibisi wala kalamu. Futa vumbi kwa kitambaa laini, kwa sababu vumbi la saruji hukwaruza.

Kurekebisha kipimo

Vipimo husogea kidogo kidogo kadiri siku zinavyopita, hivyo mashine hulinganishwa na gesi ambayo kiasi chake kinajulikana. Kitabu cha mtengenezaji ndicho cha kufuatwa, lakini utaratibu wa kawaida ni huu:

1. Waarifu walio kwenye chumba cha kuongozea mitambo na upate ruhusa yao.
2. Ingiza neno la siri, kisha uweke mashine katika hali ya matengenezo. Mara nyingi tarakimu inayotumwa nje hubaki ile ya mwisho.
3. Soma cheti cha mtungi: gesi gani, kiasi gani na mwisho wa matumizi.
4. Anza na sifuri. Gesi inayotumika mara nyingi ni nitrojeni safi.
5. Subiri tarakimu itulie ndipo uthibitishe.
6. Fungua mtungi wa gesi ya kulinganishia, hakikisha kiasi kilichoandikwa kwenye skrini ni kile cha kwenye cheti, subiri tena, kisha thibitisha.
7. Funga mitungi, rudisha mashine kwenye kupima moshi na uondoe hali ya matengenezo.

Hatua ya tano ndiyo inayoharakishwa sana. Ukithibitisha kabla tarakimu haijatulia, mashine hukariri kosa na kulirudia kila siku bila kulia king'ora.

Hatua ya saba ndiyo inayosahaulika, na kusahau huko ni hatari zaidi. Walio kwenye chumba cha kuongozea wataendelea kuona tarakimu nzuri ya zamani huku gesi ikipanda. Usiondoke kabla hujawauliza kwa simu ya upepo wanaona tarakimu gani, na ukahakikisha ni ile unayoiona wewe.

King'ora kikilia

Kitufe cha kunyamazisha huzima sauti tu, hakiondoi tatizo. Soma ujumbe, andika saa na tarakimu kwenye daftari la zamu, kisha tafuta chanzo. Ikiwa kaboni monoksaidi imepanda, usidhani mashine ni mbovu mpaka uhakikishe.

Menyu za mashine hizi mara nyingi huwa kwa Kiingereza. Karatasi yenye hatua hizi kwa Kiswahili, ikibandikwa kwenye mlango wa kabati, humsaidia fundi wa zamu ya usiku ambaye hana wa kumuuliza.