Sumaku ya Muoni: Hesabu Ilivyosogea Kukifuata Kipimo

Mwaka 1928 Paul Dirac wa Uingereza alitoa mlinganyo uliobainisha kwamba namba iitwayo g, inayoeleza nguvu ya sumaku ya elektroni, ni 2 kamili. Lakini miaka 20 baadaye Julian Schwinger wa Marekani alikokotoa kwamba namba hiyo huzidi 2 kidogo, kwa kuwa ombwe si tupu, bali limejaa chembe zinazozuka na kutoweka papo hapo. Ziada hiyo huchunguzwa zaidi katika muoni, chembe iliyogunduliwa mwaka 1936, ifananayo na elektroni ila tungamo lake ni kubwa mara 207 hivi, jambo linaloifanya iathiriwe zaidi na chembe nzito ambazo huenda bado hazijajulikana.

Muoni huzungushwa ndani ya pete ya sumaku, mhimili wake ukiyumba kama pia, na kasi ya kuyumba huko ndiyo hufichua ziada. Baada ya majaribio ya maabara ya CERN, ile ya Brookhaven, New York, ilitangaza mwaka 2001 kipimo kilichotofautiana na nadharia. Mwaka huohuo Marc Knecht na Andreas Nyffeler wakaonyesha kwamba sehemu moja ya hesabu ilibeba alama ya kutoa badala ya kujumlisha, na tofauti ikapungua, ingawa haikwisha.

Mwaka 2013 pete ya Brookhaven, yenye kipenyo cha mita 15, ilisafirishwa kwa tishari na lori hadi Fermilab, karibu na Chicago. Aprili 7, 2021, Fermilab ilithibitisha kipimo cha Brookhaven, na tofauti ikafikia sigma 4.2, kiwango cha uhakika wa kitakwimu ambacho wanafizikia hutaka kifike 5 kabla ya kutangaza ugunduzi. Siku hiyohiyo kundi la wananadharia liitwalo BMW lilichapisha ukokotozi mwingine, uliogawa nafasi na wakati katika vitone vya kimia ndani ya kompyuta kuu, nao ukakaribia kipimo kuliko hesabu ya zamani, iliyotegemea takwimu za migongano ya elektroni na positroni. Mwaka 2023 takwimu mpya za migongano hiyo kutoka Novosibirsk, Urusi, zilipingana na zile za awali. Na mwaka 2025 wananadharia wakakubali hesabu ya kimia, ambayo haileti tofauti yoyote ya maana na kipimo cha mwisho cha Fermilab, chenye usahihi wa sehemu 127 katika bilioni.

Kipimo, basi, kilisimama imara na hesabu ndiyo iliyosogea. Na mpaka ielezwe kwa nini takwimu za migongano hazipatani zenyewe kwa zenyewe, ni mapema mno kudai kwamba fizikia mpya imeonekana au imekosekana.