Kolemaniti na Faida ya Kukosa Sodiamu

Mwaka 1884 madini yaliyokuwa yamegunduliwa punde katika jangwa la Death Valley, California, yalipewa jina la William Tell Coleman, mfanyabiashara aliyemiliki machimbo hayo. Coleman alikuwa mtu wa boraksi, na boraksi ina sodiamu. Kolemaniti haina: ni borati ya kalsiamu yenye maji ndani ya fuwele zake, Ca₂B₆O₁₁·5H₂O, na haiyeyuki kwa urahisi. Ili kupata boraksi, ilibidi isagwe na kuchemshwa pamoja na magadi, kalsiamu ijitenge na kutuama. Wakati huo ukosefu wa sodiamu ulihesabiwa kasoro. Makala haya yanadai kwamba ukosefu huohuo ndio uliokuja kuyapa madini haya thamani.



Fuwele safi hazina rangi au ni nyeupe, zinang'aa kama kioo, na ugumu wake ni 4.5 kwa kipimo cha Mohs. Kipande kikipashwa moto hulialia, kisha hupasuka na kumeguka kuwa unga, kwa kuwa maji yaliyofungwa ndani hutoka kwa kishindo. Tabia hiyo ina matumizi: udongo wa mfinyanzi uliochanganyika nayo hubaki mabonge, na chekeche huvitenganisha.

Kolemaniti hupatikana katika mabonde ya maziwa ya kale yasiyo na mto wa kutokea, jirani na volkano. Chemchemi za moto huleta boroni, jua hukausha maji. Mara nyingi huanza madini mengine, inyoiti, yenye maji mengi zaidi, ambayo baada ya kufukiwa hupoteza sehemu ya maji hayo na kugeuka kolemaniti. Hivyo ndivyo zinavyoelezwa sehemu za hazina kubwa za magharibi mwa Uturuki, huko Emet, Bigadiç na Kestelek, zilizotuama katika zama za Mayosini. Lakini volkano na jua kali havitoshi; kalsiamu nayo lazima ibaki majini. Katika Ziwa Magadi la Kenya kaboneti hunasa kalsiamu mapema, na maji yanayobaki hutawaliwa na sodiamu.

Mambo yalibadilika katika karne ya 20, viwanda vilipoanza kuvuta nyuzi za kioo aina ya E kwa ajili ya vihami umeme na plastiki zilizoimarishwa. Kioo hicho hakitakiwi kuwa na sodiamu nyingi, kwa kuwa sodiamu hupunguza uwezo wake wa kuzuia umeme na kustahimili maji. Boraksi ikawa na dosari. Kolemaniti, yenye takriban asilimia 51 ya oksidi ya boroni, huleta boroni na kalsiamu kwa mkupuo mmoja.

Hoja hii ina mpaka. Katika zege la kukinga mionzi kolemaniti hutumika kwa sababu boroni-10 hunasa nyutroni, wala sodiamu haihusiki. Na hata uyeyukaji wake mdogo huleta taabu: ikizidi kwenye mchanganyiko, saruji huchelewa kushika.