Taa ya Mgongoni

Fundi alishusha pazia la kibanda ili giza liingie, akawasha tochi ya simu na kuisogeza hadi ikakaribia kugusa kioo cha runinga iliyokuwa ikizungumza bila picha. Msomaji wa habari aliendelea na taarifa yake kwa sauti safi kabisa, na kioo kilikuwa cheusi tititi. "Chungulia hapa, mama," akamwambia shangazi yangu. Shangazi akainama. Pale mwanga wa tochi ulipoangukia, ndani ya duara lisilozidi kiganja, palikuwa na kola ya shati, tai, na kidevu kinachocheza. Msomaji wa habari alikuwemo humo muda wote. Kilichokosekana ni taa ya kumwonyesha.

Hapo ni Kondele, Kisumu, na runinga yenyewe ilikuwa na miezi 14. Dhamana ya dukani ilikuwa ya miezi 12.

"Imekufa?" shangazi akauliza.

"Haijafa, mama. Imeungua taa za mgongoni."

Maneno hayo ya fundi nimetembea nayo tangu siku ile. Katoni ya runinga ile ilikuwa imeandikwa LED kwa herufi zinazometa, na sisi sote nyumbani tulidhani LED ni aina ya picha. Hakuna muuzaji aliyewahi kutuambia kwamba herufi hizo tatu zinataja taa zilizopangwa nyuma ya kioo, na kwamba kioo chenyewe hakina mwanga wake. Fundi alisema yote hayo kwa maneno mawili, taa na mgongo, ambayo hata mtoto wa chekechea anayajua.

Maneno ya dukani hayaelezi hivyo. Nianze na neno tulilolitumia siku ya kununua. Tulisema runinga ile ni rahisi. Rahisi tumelipata kwa Waarabu, na kwao rakhis ni kitu cha bei ya chini. Maana ya jambo lisilo gumu tumeikuza sisi, hadi imeipita ile ya kwanza: nikisema mtihani ulikuwa rahisi, hakuna atakayeuliza uliuzwa shilingi ngapi. Undugu wa maana hizo mbili hauko kwetu tu. Sikiliza Kijaluo kinavyosemwa sokoni Kibuye. Bei ya juu ni nengo tek, bei ngumu. Bei ya chini ni nengo yot, bei nyepesi, na yot ndilo neno la mzigo usiolemea na la kazi isiyochosha. Bei hapo inapimwa kwa bega la anayelipa, siku ile anayolipa. Siku zinazofuata hazimo katika kipimo hicho.

Nafuu ni neno la namna nyingine. Nalo asili yake ni Kiarabu, katika neno la faida, lakini Kiswahili kimelipeleka hospitalini na kulirudisha likiwa na utu zaidi. Mgonjwa hupata nafuu. Aliyepunguziwa karo hupata nafuu. Huwezi kulitamka bila kuwa na mtu unayemfikiria na hali aliyokuwa nayo jana. Kwa hiyo kitu kimoja kinaweza kuwa nafuu kwangu na kisiwe nafuu kwako, ingawa bei ni ile ile. Runinga ya shilingi 15,000 inayozima kabla mwaka wa pili haujaisha ni rahisi. Nafuu siwezi kuiita, na nadhani tumefanya kosa kubwa katika matangazo yetu kuyachukulia maneno haya mawili kama pacha.

Upande wa pili wa duka hali ni mbaya zaidi. Runinga za bei kali huitwa za kifahari, na fahari ni habari ya mwenye nyumba, haihusu kioo. Inasema wageni watatazama nini wakiingia sebuleni. Mtu anayetaka kulipa mara kumi ya bei ya ile ya 15,000 anastahili kuambiwa analipia nini, na neno kifahari linamzibia njia ya kuuliza.

Lugha yetu haishindwi. Neno runinga lenyewe ni kazi ya Ahmed Sheikh Nabhany, mshairi wa Lamu aliyefariki mwaka 2017 baada ya kutumia maisha yake kuokota maneno yaliyokuwa yakipotea na kuyapa kazi mpya. Katika runinga mimi nasikia maninga, neno la kale la washairi kwa macho. Watanzania walilitamka kwa l, wakaandika luninga, na likaenea vilevile. Mtaa nao hauko nyuma ya wanazuoni. Runinga nene za zamani zilipoanza kupitwa na wakati, Watanzania walizibatiza chogo, kwa ajili ya lile jungu lililotokeza nyuma, na zile nyembamba wakaziita bapa. Chogo na bapa! Mtu ambaye hajawahi kuona runinga angeweza kuzitenganisha hizo mbili kwa kupapasa gizani. Hiyo ndiyo istilahi ninayoitamani, inayokupa mkono wa kupapasia.

Sasa tazama herufi zilizoandikwa kwenye makatoni: LED, QLED, OLED. Zinafanana kama watoto wa mama mmoja, na mnunuzi hudhani ni ngazi tatu za kitu kimoja. Sivyo. LED na QLED zina mwili mmoja: kioo kinachochuja mwanga, na taa zilizo mgongoni mwake. QLED, jina ambalo Samsung ilianza kulitumia mwaka 2017, imeongezewa tabaka la chembe ndogo mno zinazosafisha rangi za mwanga huo, lakini taa ziko pale pale mgongoni. OLED ndiyo ya ukoo mwingine. Haina taa nyuma. Kila nukta ya kioo inawaka yenyewe, na picha inapotaka weusi, nukta ile inazimika kabisa. Runinga ya 4K ina nukta 3,840 kwa upana na 2,160 kwa kimo, jumla zaidi ya milioni 8, kila moja na swichi yake.

Anayekaa kando ya ziwa hahitaji maelezo marefu. Simama Dunga usiku usio na mwezi, wavuvi wa omena wakiwa wametoka. Taa zao zinaelea mbali kama mji, kila moja peke yake, na kati ya taa na taa maji ni meusi kabisa. Hiyo ni OLED. Rudi usiku ambao mwezi umejificha nyuma ya wingu jepesi. Taa utaziona, ila maji ya katikati yamekuwa ya kijivu, kwa kuwa kuna mwanga unaovuja kutoka nyuma ya kila kitu. Hiyo ni LED, na QLED pia. Mwenye runinga ghali analipia giza. Nimelirudia jambo hili kwa watu wengi na kila mara wananitazama kama ninayesema kinyume, lakini ndivyo ilivyo: mwanga hata ile ya 15,000 inao, lakini weusi haina.

Ninapendekeza basi tuseme runinga yenye taa mgongoni, na runinga inayojiwakia. Kiswahili kina umbo hilo tangu jadi: mmea uliojiotea, mtu anayejiendea zake, mzee anayejisemea. Tukisema inayojiwakia, tumeshaeleza chanzo cha mwanga, na mnunuzi amepata swali la kuuliza. Zile taa za mgongoni, je, ziko pembeni tu au zimeenea mgongo mzima? Zinaweza kuzimwa sehemu sehemu, au zote huwaka pamoja? Hapo ndipo runinga mbili zenye taa mgongoni zinapoachana kwa bei, na kwa haki.

Na ya shangazi iliharibikia kwenye taa hizo hizo. Fundi alipotoa kioo, akakilaza juu ya blanketi, akaondoa karatasi nyeupe moja baada ya nyingine kama anayemvua mtoto nguo za baridi, tulikuta mistari miwili ya taa, kila taa imefunikwa kikombe kidogo cha plastiki angavu. Kikombe kimoja kilikuwa kimeng'oka, kikiwa kinatembeatembea chini. Taa moja ilikuwa na doa jeusi katikati, mfano wa jicho la samaki aliyekaa juani. Taa hizo zimeungwa kwa mfululizo, umeme unapita moja hadi nyingine, kwa hiyo moja ikikatika zote zinalala. Kiwanda kinachotaka kuokoa gharama huweka taa chache na kuzisukumia umeme mwingi ili zionekane kali dukani. Joto linafanya kazi iliyobaki. Fundi aliweka mistari mipya, akapunguza nguvu ya umeme unaozifikia, kisha akamwambia shangazi ashushe mwangaza kwenye mipangilio hadi nusu na auache hapo. Ni ushauri wa bure ambao ungepaswa kuandikwa juu ya katoni.

Sokoni kuna kipimo kingine cha ubora: "hiyo ni China." Kisumu neno hili lina uchungu wa pekee kwa sababu ya samaki waliogandishwa wanaoletwa kutoka huko na kuuzwa kando ya ziwa lenye samaki wake, ngege. Uchungu huo naujua na ninaushiriki. Katika runinga, hata hivyo, China haipimi chochote. TCL na Hisense ni kampuni za China na ziko miongoni mwa kubwa duniani. Samsung iliacha kutengeneza vioo vyake vya taa mgongoni mwaka 2022 na tangu hapo hununua kwa wengine, na sehemu kubwa ya vioo hivyo duniani hutoka China. Anayeiita runinga China kwa dharau na anayeisifu kuwa orijino huenda wanatazama kioo cha kiwanda kimoja.

Neno janja katika runinga janja, ambalo tumelichukua kutoka simu janja, silipingi. Ila mnunuzi akumbuke kwamba ujanja wa runinga huzeeka kabla ya kioo. Programu zinanenepa kila mwaka, kichwa cha runinga kinabaki kile kile, na katika zile za bei ya chini kilianza kikiwa kidogo.

Runinga ile alipewa mpwa wangu, na shangazi akataka nyingine. Tuliingia duka moja la Oginga Odinga Street siku ya Jumamosi, na kijana wa dukani akaanza kutusomea herufi. Shangazi akamsikiliza kwa adabu hadi mwisho.

"Nyathina," akasema, "taa zake ziko wapi?"

Kijana akanyamaza kidogo.

"Hii, mama, ziko nyuma. Ile kubwa pale haina taa. Inawaka yenyewe."

"Niwekee picha ya usiku kwenye zote mbili."

Akaweka filamu yenye barabara ya usiku. Katika ile ya taa mgongoni anga lilikuwa rangi ya jivu, na pembe ya chini ilikuwa nyeupe nyeupe kana kwamba mtu ameacha mlango wazi. Katika ile inayojiwakia barabara ilipotea kabisa pale taa za gari zilipoishia. Shangazi alisimama mbele yake muda mrefu. "Hilo ndilo giza la Dunga," akaniambia kwa sauti ya chini.

Kisha akaniuliza yeye hutazama nini, na saa ngapi. Nilijua jibu na yeye alilijua. Habari ya saa moja, ibada ya Jumapili, na mchana kutwa mlango wazi, jua la alasiri likiingia kutoka upande wa ziwa hadi ukutani pale runinga inapokaa. Jua hilo lingemeza weusi wote ambao angeulipia. Na ule mstari wa habari unaopita chini ya kioo kila siku mahali pale pale huweza kuacha kovu kwenye kioo kinachojiwakia. Kovu ni neno langu, na kijana alilielewa mara moja, akakubali kwamba lipo.

Shangazi alichukua ya inchi 43 yenye taa mgongo mzima na dhamana ya miaka miwili, pamoja na kidhibiti cha umeme kwa ajili ya radi za huku kwetu. Akaitaka iwashwe tena kabla ya kufungwa, akashusha mwangaza mwenyewe hadi nusu. Kwenye tuktuk alikataa ilazwe. Aliishika wima katikati ya magoti, kioo kimeelekea kwake, mkono mmoja umeikumbatia katoni mgongoni, tukashika njia ya Nyalenda.